Maisha ya Bibi Martina Bergman-Österberg, Mwalimu wa Viungo

Muhula huu mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike, kila mmoja, habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu wengi walichagua wafalme, mashujaa wa vita na watu wa siasa. Mimi nimemchagua mwanamke aliyefundisha watoto kuinua mikono, kunyosha mgongo na kuruka. Najua wako watakaocheka, maana kipindi cha mazoezi ya viungo katika shule nyingi huhesabiwa kuwa ni kipindi cha kupumzikia, na mtihani ukikaribia ndicho cha kwanza kunyang'anywa kikapewa Hesabu. Namwomba msomaji asiharakishe kucheka. Ninayo sababu ya kumchagua Bibi huyu, nayo nitaieleza mahali pake.

Martina Sofia Helena Bergman alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1849 katika kijiji cha Hammarlunda, jimbo la Skåne, kusini ya nchi ya Uswidi. Baba yake alikuwa mkulima. Zamani zile kazi ambazo msichana aliyesoma angeweza kuzifanya zilikuwa chache sana, nazo zilihesabika kwa vidole. Martina alianza kwa kuwa mwalimu wa nyumbani, yaani mwalimu anayekaa na kufundisha watoto wa watu wenye mali katika nyumba yao. Baada ya hapo alifanya kazi ya maktaba, akasaidia pia katika kutengeneza kitabu kikubwa cha maarifa yote kilichoitwa Nordisk familjebok, ambacho kilianza kutolewa mwaka 1876. Mtu aliyemwona wakati huo, ameinama juu ya karatasi na wino, asingedhani hata kidogo kwamba jina lake litakumbukwa kwa ajili ya viwanja na kamba za kupandia.

Hata alipokuwa na umri unaokaribia miaka 30, alifanya jambo ambalo wengi huliogopa: aliacha kazi aliyoizoea akarudi kuwa mwanafunzi. Mwaka 1879 aliingia Chuo cha Kifalme cha Mazoezi ya Viungo kilichoko Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1813 na bwana mmoja aliyeitwa Pehr Henrik Ling, nacho kilikuwa kimekwisha kuwafungulia wanawake mlango wake tangu mwaka 1864.

Yafaa niseme machache juu ya bwana Ling, kwa kuwa bila ya yeye habari hii haieleweki. Ling alizaliwa mwaka 1776 akafa mwaka 1839. Alikuwa mtunga mashairi na mwalimu wa kucheza panga. Inasemekana alikuwa na maumivu ya mkono, akaona kuwa kadiri alivyozidi kuutumia mkono ule katika mchezo wa panga ndivyo maumivu yalivyopungua. Jambo hilo lilimfikirisha. Akaamua kuuchunguza mwili wa mwanadamu na kutunga mazoezi yanayofuata maumbile yake. Aliyagawa mazoezi yake mafungu manne: mazoezi ya malezi, mazoezi ya askari, mazoezi ya tiba na mazoezi ya kuonyesha uzuri wa mwili. Katika mpango wake kila zoezi lilikuwa na sababu. Hili lilikuwa la shingo, hili la mgongo, hili la tumbo, hili la miguu, hili la pumzi. Mtoto alianzia katika jepesi akaenda katika gumu, hatua kwa hatua, wala hakuna aliyerukishwa daraja. Tena mazoezi mengi hayakuhitaji chombo chochote ila mtu mwenyewe na mahali pa kusimama. Hili la mwisho ningependa msomaji alishike, maana ndilo lililoyafanya mazoezi hayo yaweze kuingia katika shule za maskini.

Bibi Martina alimaliza masomo yake mwaka 1881, na mwaka huo huo akavuka bahari kwenda London kufanya kazi.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imo katika mabadiliko makubwa ya elimu. Sheria ya mwaka 1870 ilikuwa imeanzisha halmashauri za kujenga na kusimamia shule za msingi, na katika Halmashauri ya Shule ya London wanawake wawili, Elizabeth Garrett na Emily Davies, walichaguliwa kuwa wajumbe mwaka huo huo. Kisha sheria ya mwaka 1880 ikalazimisha watoto wote wenye umri wa miaka mitano hadi kumi waende shule. Basi shule zikajaa. Watoto waliokuwa wakishinda katika vichochoro, viwandani na sokoni wakaletwa madarasani, na mara nyingi mwalimu mmoja alikuwa na watoto 60 au zaidi mbele yake. Wakaa kwenye mabao marefu tangu asubuhi hata jioni, vifua vimekunjamana na migongo imepinda, hewa chafu na moshi wa makaa ya mawe dirishani.

Wavulana walikuwa wakifundishwa kwata na askari wa zamani: geuka kulia, geuka kushoto, tembea. Wasichana hawakuwa na lao. Ndipo Halmashauri ilipotafuta mwalimu kutoka Uswidi. Wa kwanza alikuwa Bibi Concordia Löfving, na mwaka 1881 mahali pake pakachukuliwa na Bibi Martina, akawa msimamizi wa mazoezi ya viungo katika shule za wasichana na za watoto wadogo za jiji zima la London.

Jiji lile lilikuwa kubwa kuliko yote duniani wakati huo. Mtu mmoja angewezaje kuwafikia watoto wote wale? Bibi Martina aliona mara moja kwamba hawezi, akafanya hesabu nyingine. Akawafundisha walimu wao. Katika miaka michache walimu wanawake zaidi ya 1,000 walipita mikononi mwake wakajifunza namna ya kuendesha kipindi cha mazoezi, na karibu shule 300 zikaanza kuyatumia. Mwalimu mmoja akifunzwa vizuri, watoto 60 wamefunzwa, na mwaka unaofuata 60 wengine. Nadhani hii ndiyo akili kubwa kupita zote katika maisha yake, naye aliifuata mpaka mwisho.

Kipindi chenyewe kilikuwaje? Watoto walisimama kwa mistari, wamepeana nafasi ya mikono. Mwalimu alitoa amri kwa sauti ya wazi, na wote wakafanya pamoja. Kwanza mazoezi ya kuchangamsha mwili, kisha ya kunyosha mgongo na kufungua kifua, kisha ya kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, kisha ya tumbo na ubavu, kisha kutembea na kukimbia, kisha kuruka, na mwisho kuvuta pumzi taratibu mpaka moyo utulie. Mpango huu haukuwa wa bahati nasibu. Mwili ulipashwa moto kabla ya kutumikishwa, ukatumikishwa kabla ya kutulizwa. Mwalimu wetu wa michezo hutufanyia hivyo hivyo hata leo, nami kwa miaka mingi nilidhani kuwa ni desturi yake tu.

Lakini alikutana na vizuizi. Kimoja kilikuwa mavazi. Wanawake wa Ulaya wa siku zile walijifunga kiunoni vazi gumu lenye vijiti, likakazwa kwa kamba mpaka kiuno kikawa chembamba na pumzi ikawa haba. Mtu aliyefungwa namna hiyo hawezi kuinama wala kujaza mapafu. Bibi Martina alilipiga vita vazi hilo maisha yake yote, wala hakuona haya kusema kwamba mwanamke hakuumbwa awe pambo la sebuleni.

Kizuizi cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, nacho kilikuwa njaa. Watoto wengi wa shule za Halmashauri walitoka katika nyumba za watu fukara kabisa. Walikuja shule na nguo zilizoraruka, viatu vibovu au bila viatu, na matumbo matupu. Utamwambia nini mtoto wa namna hiyo kuhusu kifua kipana na mgongo ulionyoka? Mazoezi hujenga mwili kwa kutumia kile kilichomo mwilini. Kama hakimo kitu, hayana cha kujengea. Bibi Martina alizunguka katika shule hizo mwaka baada ya mwaka, akaona mipaka ya kazi yake.

Hapa sina budi kueleza sababu yangu.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi iliyo karibu nasi aliniomba nimsaidie watoto wa Darasa la Pili katika kipindi cha michezo, kwa kuwa anajua mimi ni mchezaji wa netiboli. Nilifurahi mno. Nilifunga filimbi shingoni nikajiona nimekuwa mtu mkubwa. Siku ya tatu niliwaamuru wazunguke uwanja mara tatu wakikimbia. Wote wakakimbia, ila mtoto mmoja wa kiume, mdogo wa mwili, alikimbia nusu ya mzunguko akaenda kukaa chini ya mwembe. Nikamwita, akaja polepole. Nilimwona ni mvivu na mwenye kiburi. Nikamsimamisha peke yake juani mbele ya wenzake, kisha nikamwambia azunguke mara nne badala ya tatu, awe mfano. Alianza kukimbia. Hakufika mbali, akaanguka.

Mwalimu alitoka ofisini mbio. Alimbeba mtoto akamlaza kivulini, akamnyunyizia maji, akatuma mtu nyumbani kwake kuleta uji. Mtoto aliunywa kwa pupa mpaka akauramba mdomo wa kikombe. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake. Mwalimu hakunigombeza hata neno moja, na heri angenigombeza. Usiku ule sikupata usingizi. Niliporudi shuleni na kuanza kutafuta habari za kuandika, nikalikuta katika maktaba jina la Bibi Martina, na jinsi alivyokutana na watoto wenye njaa miaka zaidi ya 130 kabla yangu. Nilitaka sana kujua yeye alifanyaje.

Naam, alifanya jambo ambalo kwanza liliniudhi. Aliwaacha. Kabla ya miaka ya 1880 kwisha, alikuwa ametoka katika kazi ya Halmashauri, akaziacha shule za maskini, akaingia katika kazi ya kuwafundisha wasichana wa watu wenye uwezo. Niliposoma hayo nilikifunga kitabu. Niliona amefanya kama mvuvi anayeacha kutega mahali penye dhoruba akaenda kutega kidimbwini. Nikataka kumwacha nimtafute mtu mwingine wa kuandika habari zake. Lakini mwalimu wetu hupenda kutuambia tusome habari ya mtu mpaka mwisho wake ndipo tuhukumu, nami nikaendelea.

Mwaka 1885, akiwa bado mtumishi wa Halmashauri, Bibi Martina alifungua chuo chake mwenyewe katika mtaa wa Hampstead, London. Kilikuwa chuo cha kwanza Uingereza cha kuwafunza wanawake kuwa walimu wa mazoezi ya viungo kama kazi kamili ya maisha. Alianza na wanafunzi wachache tu. Mwaka uliofuata aliolewa na Bwana Edvin Österberg, mwalimu Mswidi mwenzake, ndipo alipoitwa Bibi Bergman-Österberg. Mumewe aliendelea na kazi yake kwao Uswidi, na yeye akabaki Uingereza na chuo chake.

Masomo yalikuwa ya miaka miwili, tena hayakuwa ya kuruka tu. Wanafunzi walijifunza maumbile ya mifupa na misuli, kazi za moyo na mapafu, elimu ya usafi na afya, na mazoezi ya kutibu viungo vilivyopinda. Walitazamwa wakifundisha watoto, wakasahihishwa. Bibi Martina alitaka mtu anayemwamuru mtoto ainue mkono ajue ni msuli gani unaovutwa na kwa nini. Na mimi hapa nakiri: nilipokuwa na filimbi yangu shingoni sikujua lolote katika hayo.

Katika mwenendo wake alikuwa mkali mno. Wanafunzi walimwita Madame, na nyuma ya mgongo wake wakamwita Napoleon. Aliyechelewa, aliyezembea, au ambaye Madame aliona hafai kuwa mwalimu, alirudishwa kwao hata baada ya muhula mmoja tu. Hakuruhusu ubishi. Kadhalika, kama watu wengi wa zama zake, alipenda kusema kwamba afya ya wanawake itaboresha taifa na kizazi, na maneno mengine ya namna hiyo ya wakati ule hatuyakubali leo. Simpambi kwa maua asiyostahili. Lakini ukali wake ulikuwa na shabaha. Alijua kwamba watu wanaitazama kazi hii mpya ya wanawake kwa dharau, na mwalimu mmoja mbovu angetosha kuiangusha yote.

Mwaka 1895 chuo kilihamia Dartford, katika wilaya ya Kent, kwenye nyumba iitwayo Kingsfield. Huko kulikuwa na eneo la kutosha viwanja vya michezo. Hapa Bibi Martina alionyesha hekima nyingine. Ingawa alikuwa mfuasi wa Ling, hakuyang'ang'ania ya kwao peke yake. Aliona Waingereza wanapenda michezo ya timu, na kwamba mchezo humfundisha mtoto kushirikiana, kushindwa bila kununa na kushinda bila kutamba, mambo ambayo amri peke yake haiwezi kuyafundisha. Akachanganya mazoezi ya Uswidi na michezo ya Uingereza: magongo, kriketi, tenisi na mingineyo.

Mambo mawili yaliyotoka katika chuo kile yanaonekana mpaka leo. La kwanza ni gauni fupi lisilo na mikono, lenye marinda, la kuvaliwa juu ya blauzi. Mwanafunzi mmoja, Mary Tait, ndiye anayetajwa kuwa alilibuni katika miaka ya 1890, ili wasichana waweze kukimbia na kupanda kamba bila kuzuiwa na sketi ndefu. Vazi hilo lilienea likawa sare ya shule katika nchi nyingi. Msomaji wa kike anayevaa sare ya namna hiyo atambue kwamba mshono wake ulianza kwa haja ya kuruka.

La pili ni netiboli. Mwaka 1893 mgeni kutoka Marekani aliwaonyesha wanafunzi wa Hampstead mchezo wa mpira wa kikapu, uliokuwa umebuniwa Marekani miaka miwili tu nyuma yake. Wanafunzi waliucheza kwa kutumia vikapu vya takataka za karatasi. Baadaye huko Dartford, mwaka 1897, mwalimu mwingine kutoka Marekani aliwaongezea maarifa. Vikapu vikaondolewa pakawekwa pete, mpira ukawa mkubwa zaidi, na uwanja ukagawanywa sehemu tatu. Mwaka 1901 sheria za mchezo zikachapishwa. Ukawa mchezo mpya kabisa. Mimi nimecheza netiboli tangu Darasa la Nne, nimekwaruzwa magoti kwa ajili yake, nimelia kwa ajili yake, wala sikujua ulitoka wapi. Pete ile iliyo juu mita 3.05, ambayo wasichana wa shule zetu huilenga kila jioni, ilitundikwa kwanza katika chuo cha mwanamke huyu.

Sasa nirudi kwenye swali langu, la watoto wenye njaa.

Wahitimu wa Bibi Martina hawakubaki mahali pamoja. Walikwenda kufundisha katika shule na vyuo, na baadhi yao wakafungua vyuo vyao wenyewe. Rhoda Anstey alianzisha chake mwaka 1897, na Margaret Stansfeld akaanzisha cha Bedford mwaka 1903. Mwaka 1899 baadhi ya wahitimu waliunda chama cha walimu wa mazoezi, wakakiita kwa jina la Ling. Madame hakukubali kujiunga nacho, kwa kuwa hakikuwa chini ya mkono wake. Akaunda cha wanafunzi wake. Hapa naona udhaifu wake, lakini naona pia kwamba wanafunzi walikuwa wamekwisha kusimama kwa miguu yao wenyewe, na hiyo ndiyo sifa ya mwalimu hata kama mwenyewe haipendi.

Wakati huo huo Uingereza ilipigana vita Afrika ya Kusini, tangu 1899 hadi 1902, na vijana wengi waliojitolea kuwa askari walikataliwa kwa kuwa miili yao ilikuwa dhaifu. Serikali ikashtuka. Mwaka 1904 kamati iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake. Mwaka 1906 ikapitishwa sheria iliyoziruhusu halmashauri kuwapa watoto wa shule chakula. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kuwapima watoto afya zao shuleni. Na mwaka 1909 wizara ya elimu ikatoa mwongozo wa mazoezi ya viungo kwa shule za msingi zote, na msingi wa mwongozo huo ulikuwa mazoezi ya Uswidi. Mwaka 1919 ukatolewa mwingine uliowaachia watoto wadogo nafasi kubwa zaidi ya kucheza, kwa kuwa ilionekana kwamba mtoto wa miaka sita si askari wa kusimamishwa mstarini.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana: kwanza chakula, kisha daktari, kisha mazoezi. Sisemi kwamba Bibi Martina ndiye aliyeleta sheria hizo. Waliozileta ni wengi. Lakini siku serikali ilipokuwa tayari kumlisha mtoto na kumpa mazoezi yaliyo sawa, walimu wa kuyafundisha walikuwapo, na njia ya kuwafunza ilikuwapo, kwa sababu alikuwako mtu aliyeianza kazi hiyo miaka 20 na zaidi kabla. Nilipoona hivyo, nilimsamehe kidogo. Nimesema kidogo, kwa kuwa wale watoto wa London wa mwaka 1885 walikua na njaa yao, na hakuna aliyewarudia.

Bibi Martina alitamani pia kuona wanawake wakipiga kura, akawasaidia kwa mali yake waliopigania haki hiyo, hasa kwao Uswidi. Hakuishi kuiona. Mwaka 1915, Ulaya ikiwa katikati ya Vita Kuu, alikiweka chuo chake chini ya wadhamini kiwe mali ya taifa, kisiwe urithi wa jamaa zake. Tarehe 29 Julai mwaka huo huo alifariki dunia, naye alikuwa na umri wa miaka 65. Chuo kiliendelea kufundisha miaka mingi baada yake.

Basi nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba kumfundisha mtoto mdogo mazoezi ya viungo ni kazi ya elimu, wala si ya filimbi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mgongo wa mtoto wa miaka saba hukunjika upande wowote utakaoukunja, uwe wa heri au wa shari. Lakini anayetaka kumkunja lazima kwanza amtazame. Amejaa au ana njaa? Ni mvivu au ni mgonjwa? Mimi sikutazama.

Kabla likizo haijaisha nilirudi pale shuleni mara mbili. Nilimwomba mwalimu ruhusa tuanze na mazoezi mepesi ya kusimama, yale yasiyotaka nguvu nyingi, na mbio tuziweke siku ambazo uji umepikwa. Siku nyingine uji haukupikwa, kwa sababu michango ya wazazi haikutimia, na siku hizo hatukukimbia. Yule mtoto hakunikasirikia. Siku ya mwisho alisimama kwa mguu mmoja bila kuyumba muda mrefu kuliko wenzake wote, akanitazama kuona kama nimeona. Niliona.

Wazazi mnaosoma gazeti hili, mnapoombwa debe la mahindi kwa ajili ya uji wa shule, msidhani ni kwa ajili ya tumbo tu. Ni kwa ajili ya Hesabu, na kwa ajili ya kusoma, na kwa ajili ya kuruka pia. Na ninyi walimu wetu, kipindi cha mazoezi msikinyang'anye. Kuna bibi mmoja alikipigania maisha yake yote.

Nikijaliwa kufaulu, nataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa naikomesha habari yangu.